Mshono wa Operesheni: Unavyopona na Jinsi ya Kuutunza Hadi Uwe Kovu

Mgonjwa anayerudi siku ya kumi kutolewa nyuzi huniuliza karibu kila mara swali lile lile: je, nimepona? Nje mshono umeshikana, hautoi maji, na maumivu yamepungua kiasi cha kumfanya atamani kurejea katika shughuli zake. Kwa miaka niliyofanya kazi katika chumba cha kufungia vidonda cha zahanati moja upande wa Likoni, Mombasa, jibu langu limekuwa kwamba ngozi imefunga mlango, lakini ndani mafundi hawajamaliza kazi. Mwongozo huu unafuata kalenda ya mafundi hao, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona yalitokana na mtu kuiamini ngozi ya juu na kuisahau nyama iliyo chini yake. Pale maagizo ya daktari aliyekupasua yanapotofautiana na haya, fuata yake, maana yeye ndiye aliyeona ndani.

Hatua ya kwanza: kabla ya kupasuliwa

Koga kwa sabuni usiku wa kuamkia operesheni au asubuhi yake. Usijinyoe kwa wembe sehemu itakayokatwa, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana ambamo bakteria hupata makao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaelekeza nywele ziachwe zilivyo au, ikibidi, zipunguzwe kwa mashine. Aliyezoea kujisafisha nywele za kinena na afanye hivyo siku kadhaa mapema.

Mvutaji wa sigara au shisha aache angalau wiki 4 kabla na asirudie kwa wiki 4 baada yake, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo ya damu na moshi hupunguza hewa safi ambayo damu hubeba kuipeleka kwenye kidonda. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imeshuka kufikia kiwango alichowekewa. Na ikiwa wewe, mama yako au ndugu yako ana kovu lililowahi kufura na kukua, mwambie daktari kabla hajashika kisu, kwani huenda akabadilisha mahali pa kukata au namna ya kushona.

Hatua ya pili: saa 48 za mwanzo

Kisu kinapopita, damu huganda na kuziba mishipa iliyokatika, kisha chembe nyeupe za damu huja kwa wingi kusafisha bakteria na mabaki ya nyama iliyokufa. Kazi hiyo ndiyo inayoleta uvimbe mdogo, joto kidogo na maumivu kandokando ya mshono. Hali hiyo ni ya kawaida na haihitaji dawa ya kuua bakteria. Wakati huohuo chembe za ngozi ya juu hutambaa kutoka kingo zote mbili, na katika mshono uliokutanishwa vizuri huonana katikati ndani ya saa 24 hadi 48. Utando huo ni mwembamba mno, lakini unatosha kuzuia maji yasipenye.

Kwa hiyo siku mbili hizo kazi yako ni kuiacha bandeji ilivyo. Usiifunue ili kuwaonyesha wageni waliokuja kukupa pole. Doa dogo la damu lililokauka halina neno. Bandeji ikilowa damu mpya, ibonyeze kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia, na isipokoma rudi hospitalini. Ukitaka kukohoa au kucheka, shika mto juu ya tumbo. Kuinuka kitandani, geukia ubavu kwanza, teremsha miguu, ndipo ujisukume kwa mkono. Halafu tembea kidogo kidogo, hata kama ni kutoka chumbani hadi ukumbini tu, ili damu isigande miguuni.

Hatua ya tatu: kutoka siku ya tatu hadi nyuzi zitoke

Hapa ndipo penye maswali mengi, na pia ndipo penye ushauri mwingi wa majirani.

Baada ya saa 48 wagonjwa wengi huruhusiwa kujimwagia maji. Maji yateremke juu ya mshono pamoja na povu la sabuni ya kawaida, bila kusugua, kisha ukaushe kwa kuugusagusa na kitambaa safi. Usiuloweke katika beseni, wala usiingie baharini, ingawa wapo watakaokuambia chumvi ya bahari hukausha kidonda. Maji ya ufuoni yana bakteria wake, na hayo ya kwetu hupokea pia maji machafu ya mji. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za kisiwa huwa ya chumvi na kisima hakiko mbali na choo cha shimo, chemsha yale ya kuoshea mshono na uyaache yapoe.

Joto la Mombasa lina hesabu yake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mtu hutoka jasho hata akiwa amelala, na mshono uliojificha chini ya mkunjo wa tumbo, kama ule wa mama aliyejifungua kwa operesheni, hukaa umerowa kutwa nzima. Inua mkunjo huo mara mbili au tatu kwa siku, kausha, weka kipande cha gozi safi kikunjwe kati ya ngozi na ngozi, na uvae kanga au deshi lisilobana badala ya suruali yenye mpira unaopita juu ya mshono. Kanga iwe imefuliwa na kupigwa pasi. Nimeona mishono iliyoshonwa kwa ustadi mkubwa ikiachana kwa sababu ya unyevu huo tu.

Wengine husikia habari hiyo ya unyevu wakakimbilia upande wa pili: wanaacha kidonda wazi kipigwe na upepo mpaka kifanye gaga gumu. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa kutumia nguruwe, kwamba jeraha dogo lililofunikwa hata lisikauke huota ngozi mpya karibu mara mbili ya haraka kuliko lililoachwa wazi, kwa sababu chembe za ngozi hutambaa kwa urahisi penye unyevunyevu na hulazimika kuchimba njia chini ya gaga. Unyevu wa kidonda chenyewe una faida. Unaodhuru ni ule wa jasho lililotuama na kulainisha ngozi nzima kama vidole vya mfuaji nguo. Tofauti hiyo ni ndogo kuisema, na inachukua muda kuizoea.

Usipake kitu ambacho hukuandikiwa. Spiriti na dawa kali za kuua vijidudu, zikipakwa kila siku kwenye mshono msafi, huunguza chembe changa zinazojenga. Unga wa kapsuli za antibiotiki unaofunguliwa na kunyunyiziwa, desturi ambayo bado naiona kila mwezi, hutengeneza ukoko unaoficha usaha chini yake. Vivyo hivyo majivu, manjano, liwa na dawa ya meno. Asali iliyosafishwa maalumu hutumika hospitalini kwa baadhi ya vidonda, lakini asali ya chupa ya jikoni haina nafasi juu ya nyuzi.

Kisha kuna suala la kukandwa. Katika nyumba zetu mzazi huingia arubaini yake akapewa maji ya moto, mafuta ya nazi na mkaja, na mwenye mshono hukuta desturi hiyo inamngoja mlangoni. Bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake aliniuliza, kwa uchungu wa kweli: «Mwanangu, tumbo lisipokandwa hiyo damu itatokaje?» Nilimjibu: «Shikamoo, bibi. Damu ya uzazi hutoka kwa njia yake, na tumbo la uzazi hurudi lenyewe. Mkande mgongo na miguu, tumbo uniachie mimi kwa wiki sita.» Alikubali, nadhani kwa sababu alibakishiwa kazi. Maji ya moto juu ya mshono huunguza ngozi ambayo mara nyingi imekufa ganzi, hivyo mama hahisi mpaka malengelenge yatokee. Mkaja uliofungwa kwa wastani, juu ya bandeji, unaweza kumpunguzia maumivu akitembea. Uliokazwa hadi pumzi ipungue haumsaidii yeyote. Udi afukizie chumba na nguo, asijifukize mwenyewe juu ya chetezo.

Kwa wanaoswali, mgonjwa ana ruhusa ya kupangusa maji juu ya bandeji badala ya kuifungua, na ya kuswali akiwa ameketi. Muulize sheikh wako namna yake. Kusujudu kikamilifu wiki ya kwanza baada ya operesheni ya tumbo kunaukamua mshono kuliko watu wanavyodhani.

Kati ya siku ya tano na ya tisa, ukipitisha kidole taratibu kandokando ya mshono, utahisi chini yake mwinuko mgumu, mwembamba, umenyooka kama kamba ya makumbi iliyozikwa mchangani. Wengi huja mbio wakidhani ni uvimbe wa hatari. Huo ni utando wa kolajeni, yaani nyuzi za protini ambazo mwili unazifuma kuunganisha pande mbili, na mimi hufurahi kuuhisi. Kinachonitia wasiwasi ni mshono wa tumbo uliofika siku ya nane ukiwa laini kama wa siku ya kwanza.

Siku ya kutoa nyuzi hutegemea mahali. Usoni huwa siku 5 hadi 7, kichwani 7 hadi 10, tumboni na kifuani 7 hadi 14, na juu ya magoti au viwiko takriban 14, kwa kuwa ngozi ya usoni hupata damu nyingi na ile ya kwenye viungo huvutwa kila mtu anapokunja. Usichelewe kwa kukosa nauli au kwa kusubiri foleni ya feri ipungue. Uzi uliokaa kupita muda wake huacha alama za kukingama pande zote mbili, na mshono ukafanana na tandu maisha yako yote. Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe, kwa hiyo uliza kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani umeshonwa kwa uzi gani.

Hatua ya nne: tambua mshono ulioharibika

Maambukizi ya mshono kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya 5 na ya 10, ingawa madaktari huyahesabu hadi siku ya 30. Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakianza kupanda tena baada ya siku ya tatu, sikiliza mwili wako. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo usiutegemee. Weka mgongo wa mkono juu ya ngozi ya kando na ulinganishe joto lake na upande wa pili wa mwili, angalia kama ngozi inang'aa na kukazana, na kama rangi yake inazidi kuwa nyeusi au zambarau kuelekea nje. Usaha, harufu mbaya, au homa ya nyuzi joto 38 na zaidi vinatosha kukupeleka hospitalini siku hiyohiyo.

Kuna dalili moja ambayo watu huipuuza kwa sababu haiumi. Mgonjwa wa tumbo, wiki ya kwanza au ya pili, anakuta bandeji imelowa ghafla maji mengi ya rangi ya waridi, pengine baada ya kikohozi, naye anasema alihisi kama kitu kimefunguka. Hayo yanaweza kuwa maji ya ndani ya tumbo yanayopita katika tabaka la chini lililoachana huku ngozi ya juu ingali imeshikana. Asingoje kesho. Na ikiwa utumbo umetokeza, alale chali amekunja magoti, asile wala asinywe, utumbo ufunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa yakapoa, usirudishwe ndani kwa mkono, naye apelekwe kwa gari akiwa amelala. Bodaboda haifai, hata kama ndiyo iliyo karibu.

Hatua ya tano: lisha mshono

Kolajeni ni protini, nayo hujengwa kwa protini. Utaambiwa usile mayai, samaki wala maharagwe eti mshono utatunga usaha. Usaha huletwa na bakteria, na mgonjwa anayepewa uji mtupu kwa wiki tatu ndiye ambaye mshono wake huchelewa. Sahani ya mbaazi za nazi asubuhi, samaki mchana, yai au maziwa usiku, vinamtosha mtu wa kipato cha kawaida; hata hamri moja si dhambi, ila kwa mwenye kisukari.

Jambo la pili ni vitamini C, ambayo bila yake kolajeni hufumwa lakini haikazi. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi bila matunda walipata kiseyeye, na makovu yao ya miaka mingi yakafunguka upya, kwa sababu kolajeni ya kovu huvunjwa na kujengwa tena siku zote. Meli za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya Mombasa Aprili 1498, zikiwa zimetoka katika safari ya namna hiyo, mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Urafiki haukudumu, kama tunavyojua, lakini zawadi ilikuwa dawa barabara. Pera moja au chungwa moja la soko la Kongowea kwa siku linakutosha. Ongeza papai, mchicha na maji ya kutosha, maana baadhi ya dawa za maumivu hufunga choo, na kujikamua chooni ni adui wa mshono wa tumbo.

Hatua ya sita: wiki ya pili hadi mwezi wa tatu

Sasa turudi kwa swali la siku ya kumi. Nguvu ya mshono, ikilinganishwa na ngozi ambayo haijakatwa, mwishoni mwa wiki ya kwanza haijafika hata asilimia 10. Wiki ya tatu hukadiriwa kuwa asilimia 20 hadi 30, wiki ya sita karibu nusu, na mwezi wa tatu karibu 80. Hapo hukoma, kovu halifikii kamwe nguvu ya ngozi ya awali.

Hesabu hiyo ina maana gani nyumbani? Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20, na kuuinua kutoka chini hukaza misuli ya tumbo yote kwa mara moja. Aliyefanyiwa operesheni ya tumbo, ya ngiri au ya uzazi asiubebe kwa wiki 6, na mama mzazi asiinue kitu kinachozidi uzito wa mtoto wake. Nilimshona upya kijana mmoja mbeba mizigo, wiki ya tatu baada ya kutolewa kidole tumbo. Ngozi niliirudisha, lakini tabaka la chini halikuwa langu kulirudisha. Alipata ngiri mahali pale pale na akapasuliwa tena mwaka huohuo. Alikuwa na watoto wa kulisha, na sikuweza kumlaumu. Kwa mtu kama yeye ni bora kuomba barua ya daktari na kutafuta kazi nyepesi kwa mwezi mmoja na nusu kuliko kurudi meza ya upasuaji.

Hatua ya saba: kovu lenyewe

Kuanzia wiki ya tatu mwili huanza kubomoa kolajeni ya haraka haraka na kufuma iliyo imara zaidi, kazi inayoendelea mwaka mmoja na wakati mwingine miwili. Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba kovu hufikia ubaya wake katika mwezi wa pili au wa tatu: hunenepa, hukaza, huwasha, na katika ngozi zetu huwa jeusi au zambarau. Kisha hulainika na kufifia taratibu. Usilihukumu kabla ya mwaka kuisha.

Likinge na jua mwaka huo wa kwanza, kwa nguo au kwa krimu ya kukinga jua ya kipimo cha 30 au zaidi, la sivyo rangi yake hubaki nyeusi. Mshono ukishafunga kabisa bila gaga lolote, kwa kawaida baada ya wiki 3 au 4, unaweza kuusugua kwa kidole chenye mafuta ya nazi matupu, ukibonyeza kwa nguvu ya wastani kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Ushahidi wa kusugua si mkubwa, lakini hupunguza kuwasha na woga wa kujigusa. Vibandiko au jeli ya silikoni vina ushahidi bora zaidi. Huvaliwa angalau saa 12 kwa siku kwa miezi 2 au 3, navyo si rahisi kwa bei. Mkorogo na krimu za kung'arisha usizipeleke huko hata kidogo.

Ganzi juu ya kovu la uzazi hutokana na mishipa midogo ya fahamu iliyokatwa, nayo hurudi kwa miezi, pengine isirudi yote. Nywele na jasho havirudi ndani ya kovu.

Mwisho ni keloidi. Kovu lililonenepa tu hubaki ndani ya mpaka wa mshono na mara nyingi hushuka lenyewe, lakini keloidi huvuka mpaka huo na kuingia katika ngozi ya kando isiyokatwa, wakati mwingine miezi kadhaa baada ya mshono kupona. Hupenda ndewe za masikio, kifua, mabega na taya, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi na vijana. Usikubali mtu aikate na kuiacha hivyo, kwani ikikatwa pekee yake hurudi mara nyingi, na yaweza kurudi kubwa kuliko ya kwanza. Tiba ya kawaida ni sindano za dawa ya steroidi ndani ya kovu kila wiki 4 hadi 6, peke yake au pamoja na upasuaji, nayo hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa bado changa.

Kwa hiyo piga picha ya kovu kila mwezi kwa simu yako, mahali penye mwanga uleule, ukiweka sarafu ya shilingi 10 kando yake ili ukubwa ulinganishwe. Ukiona mwezi wa nne kovu limevuka mstari wa mshono, chukua picha zote na uende nazo kliniki ya ngozi.